Mwanamke aliyetoka baharini

Jana usiku nimeangalia tena At Land, filamu ya mwaka 1944 ya mwongozaji wa Marekani Maya Deren, kama dakika 15 hivi bila sauti hata chembe, na bado moyo unanidunda. Mawimbi yanarudi kinyumenyume na kumwacha mwanamke mchangani. Ni Deren mwenyewe. Hapo lazima umkumbuke Afrodite wa Wagiriki, mungu wa kike aliyezaliwa kwenye povu la bahari, na wachoraji wa Ulaya wakamsimamisha uchi karne kwa karne ili atazamwe.

Huyu hana muda wa kutazamwa! Anakwea magogo makavu, kichwa kinaibukia kwenye meza ndefu ya karamu, kisha anatambaa kwa tumbo katikati ya wageni wanaovuta sigara na kupiga soga. Hakuna anayemjali. Nilisimamisha nikairudisha pale pale. Viwiko, magoti, nywele, mwili mzima uko kazini. Kwangu mimi kipande hicho kinashinda hotuba nyingi nilizosikia kuhusu wanawake na sinema. Mwishoni anaiba kete ya sataranji na kutimua mbio ufukweni. Itafuteni, jamani.