Taa Yetu ya Kambini: Betri Kwapani, Mwanga Juu ya Hema

Mimi ni mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Masika yakianza na wageni wakipungua, nakaa Moshi natengeneza simu. Taa hii nimeiunda na wenzangu wanane wa kikoba chetu, na naieleza kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba taa ya kambini ni suala la kuongeza balbu.

Hema letu hulala watu kumi, wakati mwingine zaidi. Humo ndimo tunamokula, tunamofunga mizigo na kutafutana soksi, yote kwa tochi ya kichwa ya mtu mmoja ambaye naye anataka kulala. Tulichanga elfu tano tano tukaanza.

Betri tulizitoa kwenye pakiti za kompyuta mpakato zilizotupwa. Ndani mna seli za duara za 18650, mara nyingi sita, na kwa kawaida moja au mbili zilizochoka ndizo zinazoangusha pakiti nzima. Fungua taratibu kwenye maungio ya plastiki, bisibisi isiguse seli, maana ukiitoboa inawaka moto. Yale mabati membamba yanayounganisha seli usiyang'oe. Yakate ubakize kimkia, ulehemu kwenye kimkia. Joto la kulehemu moja kwa moja juu ya seli linaiumiza. Seli yenye chini ya volti 2 naitenga, siichaji hata nikibembelezwa. Zilizobaki nachaji mpaka 4.2, naziacha kabatini wiki mbili, kisha napima tena. Iliyoshuka chini ya 4.1 haipandi mlima.

Taa ya kwanza niliijenga kwa ushauri wa fundi mmoja wa vifaa vya umeme. "Mdogo wangu, weka rezista moja tu, mwanga ukiwa mdogo ongeza balbu." Rezista ni kidude kinachobana umeme usipite mwingi. Nikaweka balbu ya LED ya wati moja na rezista ya omu 3.3. Sebuleni iliwaka kama mchana, mita ya umeme ikasoma mkondo wa miliampea 330. Nikaenda nayo kazini. Msituni Machame ilipendeza. Kambi ya Shira ilianza kufifia baada ya chakula. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mpishi alipoamka usiku kuchemsha chai ya wageni wanaokwenda kileleni, taa ilikuwa hafifu kama kaa la mwisho jikoni. Nilijisikia vibaya sana, maana wenzangu walikuwa wamechangia na tochi zao wameziacha nyumbani.

Niliporudi nilikaa na mita nikaelewa. Balbu nyeupe inataka karibu volti 3. Seli ikiwa imejaa ina 4.2, kwa hiyo rezista inabakiwa na volti moja na ushee ya kusukuma umeme. Seli ikishuka hadi 3.5 inabaki nusu volti tu, na mwanga unaanguka ingawa seli bado ina chaji. Ukiongeza balbu hapo hujatibu kitu. Dawa ni kijidude cha miguu mitatu kiitwacho AMC7135, kinachopatikana ndani ya tochi nyingi. Kinashikilia miliampea 350 bila kujali seli imejaa au imepungua, karibu mpaka mwisho. Balbu nikaweka tatu kwa pamoja zigawane umeme uleule: zinapoa, na zinaridhika na volti ndogo zaidi. Kwa seli mbili kuukuu, nyumbani iliwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tisa na nusu usiku.

Bado baridi. Sikutaka kusubiri safari nyingine ndipo nijue, nikaenda kwa mama jirani anayeuza barafu na juisi ya ukwaju.

"Shikamoo mama. Naomba nilaze taa yangu kwenye friza lako."

"Marahaba. Mwanangu, taa inaumwa?"

Nilimweleza, akanipa kona moja. Nililaza taa mbili zinazofanana. Moja niliitia nzima na betri zake. Ya pili niliingiza kichwa tu, waya ukapita kwenye mpira wa mlango, betri zikabaki nje mezani. Kila baada ya nusu saa tulifungua kidogo tuchungulie, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika saa kwenye daftari la wadeni. Ile nzima ilizimika baada ya saa nne na kitu. Ile yenye betri nje ilikwenda zaidi ya tisa! Balbu hazina shida na baridi. Seli ndizo zinazogoma.

Basi taa yetu ikawa vipande viwili: kichwa kinaning'inia juu ya hema, na kipochi cha betri chenye waya wa mita moja na nusu analala nacho mmoja wetu ndani ya begi la kulalia, karibu na kwapa. Kwa zamu.

Kuchaji tunatumia bodi ndogo ya TP4056. Chukua ile yenye sehemu sita za kulehemu; yenye nne haina ulinzi wa kuzuia seli isiishe kabisa. Bodi hiyo haijui kama seli imeganda, na seli ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri inaharibika ndani kimyakimya. Kwa hiyo sola inatandazwa mchana juu ya mzigo, kipochi kikiwa mfukoni.

Kivuli ni kichupa cheupe cha maziwa, kinatawanya mwanga usichome macho. Taa niliidondosha kutoka kichwani kwangu, urefu ambao mzigo huanguka, mara kumi juu ya mawe. Nikaizamisha kwenye ndoo usiku kucha. Kila moja ilitugharimu kama elfu kumi na mbili, kumi na tano hivi.

Sasa tunazo saba. Kitu kilichotusumbua mwisho ni waya: wa kawaida ulikakamaa kwa baridi kambi ya Karanga ukakatika pale unapoingia kwenye kichwa cha taa. Tumeweka waya laini wa mpira wa silikoni, na fundo ndani ya kifuniko ili ukivutwa using'oe lehemu. Safari iliyopita, Barafu, chai ilichemka chini ya mwanga uleule wa jioni, na asubuhi nilipopima kipochi kilisoma volti 3.6.