Kukunja karatasi kwenye kompyuta: kazi iko kwenye matabaka

Anayeanza kuandika programu ya kukunja origami huwa anahofia jiometria. Jiometria ya mikunjo bapa ni ya sekondari tu. Kinachokula muda ni swali ambalo mtu mwenye karatasi mkononi hajiulizi kabisa: baada ya kukunja, kipande kipi kiko juu ya kipi? Panga data yako tangu mwanzo ukijua kwamba swali hilo linakuja.

Usibuni muundo wako wa faili. Tumia FOLD, uliotolewa mwaka 2016 na Erik Demaine, Jason Ku na Robert Lang. Ni JSON ya kawaida, yaani data iliyoandikwa kama maandishi: orodha ya nukta na koordineti zake, mistari inayounganisha nukta mbili mbili, vipande vilivyozungukwa na mistari hiyo, na herufi moja kwa kila mstari. B ni ukingo wa karatasi, M ni mkunjo wa mlima (mgongo wake unatazama juu), V ni mkunjo wa bonde (unazama chini), F ni alama iliyobaki bapa. Faili hiyo hiyo utaweza kuifungua kwenye programu za Flat-Folder au Origami Simulator na kulinganisha majibu, jambo litakalokuokoa mara nyingi.

Kwa majaribio chukua umbo la msingi la puto la karatasi. Mraba wa upande 1, mishazari miwili iwe bonde, na mstari mmoja wa kati, wa kulala, uwe mlima. Katikati, kwenye (0.5, 0.5), inakutana mikunjo 6, na karatasi inagawanyika vipande 6.

Kabla ya hesabu yoyote, safisha ramani ya mikunjo. Kosa linaloongoza ni mistari miwili kukatana pasipo nukta mahali pa makutano. Kwa macho mchoro uko sawa, lakini kwa programu mistari hiyo haijuani. Ikate hapo. Kisha unganisha nukta zilizokaribiana kupita kiasi. Kwa mraba wa 1, umbali wa 0.00001 unatosha. Ukiweka 0.01, utameza mikunjo midogo ya kweli.

Sasa pima kila nukta ya ndani kama inaweza kukunjika bapa. Kanuni ya Kawasaki: zungukia nukta, jumlisha pembe ukiruka moja moja, jumla iwe nyuzi 180. Kwenye puto letu pembe ni 45, 90, 45, 45, 90, 45; 45+45+90 ni 180, na zilizorukwa nazo ni 180. Kanuni ya Maekawa: tofauti ya idadi ya milima na mabonde iwe 2. Hapa mabonde ni 4, milima 2. Nukta za ukingoni usizipime, vinginevyo programu itakataa kila karatasi. Na kufaulu hapa kunahusu nukta moja moja. Karatasi nzima bado inaweza kukataa kukunjika.

Kukunja kwenyewe ni kuakisi. Chagua kipande kimoja kikae palepale, kisha nenda kwa majirani. Nukta P ikiakisiwa kwenye mstari unaopita A wenye mwelekeo d wa urefu 1, kwanza tafuta t, yaani (P−A) zidisha d kwa zao la vekta liitwalo dot product, halafu P mpya ni 2(A+td)−P. Kila kipande kihifadhi namba 6 za mabadiliko yake, zinazosema kila nukta yake inahamia wapi. Hapa wengi hukosea mpangilio: akisi kwanza kwa mkunjo jinsi ulivyo kwenye karatasi iliyonyooshwa, ndipo utumie mabadiliko ya kipande ulichotokea. Ukigeuza, vipande viwili vya mwanzo vitakaa sawa na cha tatu kitaruka hewani.

Tembea kwa mawimbi, majirani kwanza, kisha majirani wa majirani, kwa sababu kosa la desimali hukua kila unapovuka mkunjo. Mikunjo ambayo hukuivuka njiani itumie kama shahidi: vipande vya pande zake mbili lazima viipeleke mahali pamoja. Visipoafikiana, onyesha mstari huo kwa rangi nyekundu. Mara nyingi kosa liko karibu na hapo.

Puto likikunjwa linakuwa pembetatu yenye kitako 1 na kimo 0.5, eneo 0.25. Mraba ulikuwa 1, kwa hiyo wastani ni matabaka 4. Na kweli, ukitoboa kwa sindano popote ndani ya pembetatu hiyo, sindano inapita karatasi 4. Fanya jaribio hili liwe sehemu ya programu.

Matabaka sasa. Kwa kila jozi ya vipande vinavyolaliana, jibu ni moja kati ya mawili: huyu juu au yule juu. Majirani wanaoshiriki mkunjo wanajulikana: kipande kikitazama juu na mkunjo ukiwa bonde, jirani yuko juu yake, ukiwa mlima, yuko chini. Kipande kikiwa kimepinduliwa, jibu linageuka, na hilo husahaulika sana. Zilizobaki zitafute kwa makatazo. Mkunjo wa A na B ukipita katikati ya kipande C, C awe juu ya wote wawili au chini ya wote wawili. Mikunjo miwili, mmoja wa A na B, mwingine wa C na D, ikilalia mstari mmoja kuelekea upande mmoja, basi kwa mpangilio wa matabaka ABCD inakubalika, ACDB inakubalika, ACBD ni karatasi kupenya karatasi. Na A akiwa juu ya B, B juu ya C, pale wote watatu wanapokutana A yuko juu ya C. Sambaza unachojua, ukikwama kisia, ukigonga ukuta rudi nyuma. Watafiti Bern na Hayes walionyesha mwaka 1996 kwamba tatizo hili kwa ujumla ni miongoni mwa yale magumu ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana, basi usijilaumu ramani kubwa ikichelewa.

Wakati wa kuchora, usipange vipande vizima kutoka chini kwenda juu. Fikiria boksi la katoni lililofungwa kwa kufumbatanisha mbawa zake nne: kila ubawa uko juu ya mmoja na chini ya mwingine, hakuna wa mwisho. Katakata mchoro kwa mistari yote iliyokunjwa, na kwa kila kijieneo chora kipande cha juu tu.

Alama za kuchora hatua za kukunja zipo tayari. Akira Yoshizawa wa Japani alizipanga, Samuel Randlett na Robert Harbin wakazieneza. Bonde ni vistari, mlima ni kistari na nukta mbili, mkunjo wa zamani ni mstari mwembamba usiofika ukingoni. Vistari vianze na kuishia na kistari kizima. Mstari wa mm 60, kistari 3, nafasi 1.5: vistari 14 vinahitaji mm 61.5, hivyo punguza vyote kwa 60/61.5. Kisha danganya kidogo: mchoro sahihi kabisa huonyesha matabaka 4 kama mstari mmoja. Sogeza ncha ya kila tabaka kwa asilimia 1 au 2 ya upande, bila kuachanisha mkunjo unaoviunganisha vipande.

Ukitaka mwendo wa pande tatu, fanya kila mstari springi na kila mkunjo bawaba, kama ilivyo kwenye Origami Simulator ya Amanda Ghassaei. Vipande vyote vigawe pembetatu kwanza. Karatasi ikilipuka kwenye skrini, tafuta mstari mfupi kuliko yote: ugumu wa springi hupanda kadiri urefu unavyopungua, na mstari mmoja wa 0.001 unalazimisha hatua ya muda (kati ya hesabu moja na inayofuata) kuwa ndogo mno kwa karatasi nzima.