Kwenda Arua kwa njia ya Paraa

Mama yangu amepanda basi la Kampala–Arua tangu mimi sijazaliwa, karibu safari zote za usiku, na kila akifika Karuma, pale kwenye daraja la Nile, anafunga macho mpaka Pakwach. Sio usingizi. Kwa watu wa West Nile, kule kaskazini magharibi mwa Uganda, wa rika lake ile ni barabara ya vita, miaka ya Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA, magari yalikuwa yanakusanywa yangoje wanajeshi wayasindikize, na bado kuna watu hawakufika. Yani miaka yote hiyo amepita ubavuni mwa mbuga kubwa kuliko zote Uganda, Murchison Falls, na hajawahi kuona hata mkia wa ndovu.

Sasa mwezi jana tulikuwa na arusi nyumbani, kaka ndo anaendesha, nikamwambia safari hii tupite Paraa, pale unapovukia Nile ndani ya mbuga. Hii njia wengi waliijua 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kutengenezwa, mabasi yakawa yanazungukia Masindi yanakatiza katikati ya mbuga mpaka Pakwach. Daraja likafunguliwa, watu wakarudi kule kule kwa haraka zao, na mimi naona tuliacha kitu kizuri sana.

Tukatoka saa kumi alfajiri, Luweero mananasi, Kafu ukakata kushoto, Masindi chai. Mbele kidogo ya geti la Kichumbanyobo unaingia msituni, mahogani zimesimama pande zote mpaka baridi inaingia kwenye gari. Halafu msitu ukiisha ni mbung'o. Fungeni vioo jamani, wanafuata gari linalotembea. Mmoja alitua kwenye kitenge cha Mama nikamwangalia vizuri kabla hajafukuzwa, mabawa yamelaliana moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa. Ndo maana njiani utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa, ni mitego yao.

Kabla ya Paraa tukakunja kulia kwenda juu ya maporomoko ya Murchison. Mama anayaita Kabalega mpaka leo, manake alisoma wakati wa Amin, jina la yule Omukama, yani mfalme, wa Bunyoro ndo lililokuwa kwenye ramani. Pale Mto Nile wote, ule ule mpana unaoujua, unabanwa kwenye ufa wa mwamba wa kama mita 7 tu halafu unaanguka mita 43 hivi, na kabla hujauona unausikia kwenye nyayo, ardhi inatetemeka. Mvuke ulitua kwenye kilemba cha Mama ukawa matone matone. Akauliza yale maji mengine pembeni ni nini, nikamwambia yanaitwa Uhuru, mto ulijitoboa njia ya pili kwenye mafuriko ya 1962, mwaka ule ule wa uhuru. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nilizaliwa mwaka huo." Akabaki anayaangalia hayo tu, yale makubwa akayapa mgongo.

Paraa siku hizi ni daraja, hamna tena kungoja feri. Ukivuka nchi inafunguka, nyasi na mivumo mpaka macho yanachoka, twiga, kongoni, na lami nzuri ambayo inakushawishi ukimbize gari. Usikimbize. Sisi tulikuwa tunaenda polepole ndo maana tuliwaona ndovu kabla hawajapanda barabarani, kaka akazima injini. Jike mkubwa alisimama katikati ya lami, sikio limechanika, akangoja wenzake wavuke mmoja mmoja, na kulikuwa kimya mpaka tunasikia nyasi zinavyong'olewa.

Mama upande wa mamake ni Mualur, kabila la kule Pakwach. Akaanza kunong'ona ile hadithi ya zamani ya ndugu wawili, Gipir na Labongo, Gipir alichukua mkuki wa nduguye akamchoma ndovu, ndovu akakimbia nao, Labongo akakataa mkuki mwingine wowote, anataka wake, basi Gipir ikabidi aufuate porini. Baadaye ikaja ile ya mtoto wa Labongo aliyemeza ushanga wa Gipir, Gipir naye akautaka ule ule, na ndugu wakaachana pale pale Pakwach. Sote tumekua nayo hiyo hadithi. Lakini Mama alikuwa anaangalia lile pori, akasema, "Na alitafuta mkuki mmoja humu mote."

Kwa wanaotaka kupita: ingieni mapema, mageti yanafungwa jioni, na tafadhalini msiwatupie nyani chakula. Kule upande wa Karuma wamezoea kungoja pembeni ya lami kwa sababu ya abiria wanaotupa mahindi dirishani, na wanagongwa na magari. Inaniuma kila nikiona.

Jumatatu tunarudi, kaka anawahi kazini, anataka Karuma. Tulipovuka daraja la Pakwach, tukikaribia Tangi, geti la kuingilia mbuga, Mama, ambaye safari hii alikaa mbele, akashusha kioo akamwambia, "Mwanangu, kata hapo Tangi."