Maharage ya Jumapili: kula vizuri ukiwa kwenye boksi

Wadau habari za siku, niko Mbeya likizo, Uyole kwa mama, na hii nawaandikia hasa nyie wenzangu mnaobeba boksi, yaani mnaofanya kazi ughaibuni, huko Uingereza, Leicester, Birmingham na kwingineko, maana kila tukikutana stori ni ile ile, huyu presha imepanda, yule ameambiwa sukari iko juu, halafu mtu anakwambia Jumatatu naanza diet. Jamani mimi hizo diet za Jumatatu siziamini. Nimekaa hapa nyumbani naangalia watu wanavyokula na nazidi kuona kwamba binadamu anakula kilicho karibu yake, basi. Ukitaka kula tofauti, panga upya kilicho karibu.

Chukulia hapa kwa mama. Maharage yamelowekwa usiku, asubuhi kabla hata chai haijaiva yako jikoni kwenye mkaa yanatokota mdogo mdogo mpaka mchana. Nyuma ya nyumba kuna figiri, chinese, majani ya maboga, na mnafu uliojiotea tu wenyewe pembeni ya migomba. Parachichi za Rungwe ziko kwenye ungo zinaiva kwa zamu. Soda iko dukani, mpaka utume mtoto na hela uwe nayo mkononi. Kwahiyo njaa ikiuma saa saba mchana hakuna anayejibana wala kuhesabu chochote, watu wanakula kilichopo na kilichopo ni kizuri.

Sasa njoo upande wetu. Umetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, masaa 12 umesimama, saa mbili asubuhi baridi inakata masikio, kilicho karibu ni nini? Biskuti kwenye chumba cha wafanyakazi, kuku wa kukaanga na chips njiani, tambi za dakika tatu kabatini. Mboga mpaka upande basi, uoshe, ukatekate. Hapo hata uwe na nia gani utakula tambi ulale. Ndio maana nasema kazi inafanyika kabla, siku uliyopumzika, ukiwa umeshiba na akili imetulia.

Kwangu kazi yenyewe ni maharage ya Jumapili. Naloweka Jumamosi usiku, ile kilo moja kavu ikiiva inazidi kilo mbili, nachemsha bila chumvi wala kitunguu, yakipoa nagawa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja naweka friza. Siku ya shifti nashusha kikopo kimoja kwenye friji, nikirudi ni kuunga tu, kitunguu, nyanya, karoti, kijiko kimoja cha mafuta, watu wakimaliza kupishana bafuni kuoga chakula tayari. Mama nilivyomweleza alishangaa, "Mwanangu, maharage ya kwenye barafu yanalika kweli?" Nikamwambia yanalika mama, ukiyaunga upya huyatambui. Akanyamaza kidogo akasema basi na mboga zifanye hivyo hivyo, na utie karanga, mtoto hata kama hapendi majani atakula. Na kweli majani ya maboga na karanga za kusaga nani anayakataa?

Ila hapa nisisitize kitu, maana wengi tunanunua yale majungu ya umeme ya kupikia taratibu. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inaitwa lektini, na hayo majungu mara nyingi hayafikii joto la kuiua. Loweka masaa yasiyopungua 5, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili, baada ya hapo hamishia jungu lako ukipenda. Usipofanya hivyo utatapika mpaka ujute. Ukiwa huna muda kabisa ya kopo sio dhambi, yasuuze tu kwa maji upunguze chumvi.

Mboga, sisi wa Leicester hatuna kisingizio, nenda Belgrave Road kwenye maduka ya Wahindi, mchicha upo, bamia zipo, mbaazi zipo. Ukiwa mji ambao hakuna, spinachi ya friza ya supamaketi inatosha, kuna watu wanaidharau bure lakini zinagandishwa mapema baada ya kuvunwa na virutubisho vingi vinabaki. Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na njia nyepesi ya kufika huko ni kupakua mboga KWANZA. Weka mboga nusu sahani, halafu maharage au samaki, ugali ukae kwenye nafasi iliyobaki. Ukianza na ugali tunajuana, mboga inakuwa ya kupamba.

Wali pia. Ukipika mwingi usiuache juu ya jiko mpaka kesho kama tulivyozoea, kuna bakteria wanaovumilia moto na wanazaliana wali ukikaa kwenye joto la chumba. Upoze haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, ule ndani ya siku moja.

Vya kuweka MBALI ni vichache. Soda moja ya kola ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, ni karibu vijiko 9 vya chai, usiiweke ndani, siku unayoitaka uifuate dukani kama tunavyofanya Uyole. Na zile kyubu za mchuzi, sehemu kubwa ni chumvi, wakati chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai pamoja na iliyomo kwenye mkate. Dukani huko Uingereza angalia rangi kwenye pakiti, nyekundu maana yake kiwango kiko juu, kama chumvi na sukari zote ni nyekundu rudisha shelfuni.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nyumbani kila kitu kiko sawa. Hapa mjini ukipita Kabwe au Mwanjelwa jioni chips mayai ndio zinaongoza, na vijana wanashushia na vinywaji vya enaji. Na kuna hili linaniuma zaidi, nyanda za juu kusini ndio ghala la nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni kama asilimia 30. Mahindi yapo, viazi vipo, maziwa yapo, lakini mama yuko shambani kutwa na mtoto anashindia uji mtupu. Hata huku, kilicho karibu na mtoto ndicho anachokula. Ndio maana nyie mnaotuma hela nyumbani nawaomba muulize pia mtoto anakula nini, msiishie kwenye ada na bati, mseme hii ni ya mayai, hii ni ya usipa, maana dagaa hao wa Ziwa Nyasa wanafika mpaka sokoni Mbeya na wana protini na kalsiamu ya kutosha.

Nikirudi Leicester anayetaka aje kwangu Jumapili tupike wote, aniambie mapema ili niloweke ya kutosha, na aje na vikopo vyake vyenye mifuniko.