Dada kakata gogo kwa msumeno akiwa na shela

Jamani ndo nimetoka harusini hapa Bremen, Ujerumani, dada yangu kaolewa na Mjerumani.

Jana usiku ilikuwa Polterabend, yaani mkesha wa harusi wa Kijerumani, wageni wanakuja na sahani na vikombe wanavivunja mlangoni, ila glasi hapana, halafu maharusi wanafagia pamoja. Mama kashikilia sahani yake weee, kuvunja chombo kizima roho inakataa, mpaka mkwewe akamwambia "mama, tupa tu" ndo akaitupa na kigelegele juu!

Leo sasa wametoka kufunga ndoa wakawekewa, mila nyingine ya huku, gogo na msumeno wa kushika watu wawili, dada na shela lake anavuta, shemeji anavuta, mmoja akiharakisha unakwama. Mashangazi wakaanza kuimba kuwapa mwendo, mpaka gogo likakatika.

Nimelia kweli.

Nyie mliooana na watu wa mbali, harusini mlichanganya nini?