Siku moja maishani mwangu: kuuza tangi lisilo na samaki

Saa 11 alfajiri. Niko uani kwangu Mbagala na ndoo mbili za mchanga wa mto. Kuosha mchanga naichukia kuliko kazi zote za matangi ya samaki. Unatia maji, unavuruga kwa mkono, unamwaga tope, unarudia. Leo nimefika mara ya 11 ndipo nikaviona vidole vyangu chini ya maji. Nikachota kijiko kimoja, nikakikamulia limau. Kimya, hakuna povu. Mchanga wa baharini ungetoa povu palepale kwa sababu ya vipande vya kombe, na vipande hivyo vingeendelea kuyeyuka kidogokidogo na kuyafanya maji yawe magumu, yaani yenye chokaa nyingi, mwaka mzima.

Saa 1 asubuhi. Buguruni kwa fundi vioo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, kioo cha milimita 6, silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Jana tulilijaza maji tukaliacha juu ya magazeti, na asubuhi hii magazeti ni makavu. Twende. Dereva wa bajaji namwomba apite matuta polepole, naye ananiambia hajawahi kuvunja hata yai.

Saa 3. Tabata, kwa mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Samaki wako wapi?"

Kwa simu nilishamweleza mara mbili. Nikajifanya natafuta pimamaji kwenye begi.

Alikuwa ameandaa meza ya kioo dirishani. Nimeikataa meza, nimelikataa na dirisha. Jua la pale lingepika maji na kuleta utelezi wa kijani, na tangi hili likishajaa maji, udongo na mchanga linakaribia kilo 80. Tukahamia juu ya kabati la mninga, nikapima usawa, tukaanza. Chini kabisa udongo wa shamba uliochekechwa, usio na samadi, sentimita 2 na nusu. Juu yake mchanga, sentimita 3. Tawi kavu la mpera nililolichemsha nyumbani likalala katikati. Nyuma nikapanda valisneria, yale majani marefu kama utepe. Anubiasi, mmea ambao kwao ni Afrika Magharibi, nimeufunga kwa uzi juu ya tawi. Shina lake nene ukilifukia linaoza, na wateja wangu wote hulifukia. Maji ni ya bomba, yamekaa kwenye diaba tangu juzi ili klorini ipungue. Unayamimina juu ya sahani, taratibu, la sivyo ile kazi ya alfajiri yote inatibuka.

Saa 5. Hapa ndipo mwalimu alipotaka kunifukuza. Maji yametulia, yanameremeta, ametoka kumwita mkewe aje aone. Mimi nikatoa kwenye mfuko sponji chafu ya filta ya tangi langu la nyumbani, nikaikamulia humo. Maji yakawa kama chai ya rangi.

"Fundi! Unafanya nini?"

Ile takataka ndiyo ninayouza, mwalimu. Mavi ya samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, na amonia inawaunguza samaki mashavu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine huigeuza kuwa naitreti, na hiyo mimea inaila. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji na mchanga. Ukiwaacha waje wenyewe, wiki 4 hadi 6. Ukiwaazima kwenye tangi la zamani wanaweza kuwahi, ila bado utasubiri na kupima. Akauliza watakula nini wakati huo. Nikamwambia kila siku atupe humo punje chache za chakula cha samaki.

"Nilishe tangi lisilo na samaki?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mkewe akacheka mpaka akaketi.

Saa 8 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie. Simu: mteja wa Kijitonyama analia uduvi wake mmoja amekufa, amebaki mweupe kama karatasi. Nikamwuliza ana macho? Hana. Basi ni gamba tu, amejivua ili akue. Liache, watalila wenyewe. Mwezi uliopita simu kama hiyo haikuwa ya gamba. Mtu alipuliza dawa ya mbu sebuleni, na uduvi wote 20 walikuwa chini kabla ya usiku. Siku hizi naandika kwa kalamu nene kwenye mfuniko: USIPULIZE DAWA.

Saa 11 jioni. Sinza. Tangi hili nililianzisha wiki 5 zilizopita. Matone ya kupimia amonia yametoa njano safi, ya naitraiti bluu hafifu: hakuna kitu. Joto nyuzi 29. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua hita. Hapa nimefunga kifeni kidogo cha kupuliza uso wa maji, kwa sababu yakizidi joto hewa inapungua humo na uduvi ndio wa kwanza kulegea. Gapi 6, samaki wadogo, wote madume, maana ukichanganya na majike baada ya miezi michache utakuwa unagawia mtaa. Mifuko yao imeelea kwenye tangi dakika 20 ili joto lilingane. Uduvi wekundu 10, asili yao Taiwan, nimewaweka kwenye bakuli na mpira mwembamba unaodondosha maji ya tangi tone kwa tone, saa nzima, ili wayazoee. Bibi wa nyumba akainama kuwatazama.

"Hawa si ndio tunaopika na nazi?"

"Ndio ndugu zao, bibi. Ila hawa mmoja ni shilingi elfu tatu."

"Basi wakae."

Walipoingia walipotea wote kwenye majani. Mjukuu wa miaka sita akabandika pua kiooni kuwahesabu. Mmoja akapanda juu ya jani la anubiasi, akaanza kuchokoa utelezi kwa vijikono vyake, haraka kama mtu anayechambua mchele. Tuliondoka kwenye hesabu ya tisa. Wa kumi mtoto amesema atamsubiri.

Saa 2 usiku. Nimesimama kwenye daladala. Ujumbe wa mwalimu: "Nimelisha. Hakuna aliyekuja."