Aliyelipa hajanunua ziwa

Nimechoka ila silali mpaka niandike hili, limenikaa moyoni kutwa nzima.

Kazi hii ya kuongoza wavuvi wa besi, yule samaki wa maji baridi anayevuliwa kwa kujifurahisha, ina mtego wake. Ukivua peke yako ukakuta mtu kasimama sehemu unayoipenda, unasonya kidogo unapita, yameisha. Ila ukiwa na mteja amesimama mbele ya boti, ameamka alfajiri, amelipa, ameshika fimbo ya kuvulia anakuangalia wewe tu, hapo hesabu zinaanza kichwani, kwamba huyu akirudi mikono mitupu hanitafuti tena, na yule pale anajifurahisha tu wakati mimi niko kazini. Nimewasikia waongozaji wazoefu kabisa wakilisema hili kwa sauti, ati aliye kazini apishwe. Mimi naona anayelipwa ndiye anatakiwa kupisha kwanza. Ziwa la umma ni la wote na mimi nalitumia kutafutia riziki, yaani tayari nimeshachukua zaidi ya fungu langu, sasa nimsukume na mwenzangu tena?

Tena leseni haikufundishi hayo. Marekani, kwa mfano, ukibeba wateja wa kulipa kwenye maji yaliyo chini ya serikali kuu lazima uwe na leseni ya nahodha kutoka Coast Guard, walinzi wa pwani wa huko, na ile ambayo waongozaji wengi wanayo inaruhusu abiria wasiozidi 6. Unapimwa sheria za kupishana majini, usalama, mambo ya maana sana. Lakini hakuna swali linalouliza utafanyaje ukimkuta mzee na kiboti chake juu ya magogo uliyokuwa unayawaza tangu jana.

Na ndicho kilichotokea leo. Kuna mstari wa magogo yaliyozama kando ya ufuko, besi hupenda kukaa kwenye kivuli chake, nilishamwahidi mteja kwamba tutaanzia hapo. Tumefika, mzee yupo, kiboti cha bati, hana hata injini, anapiga kasia mbili tatu kisha anarusha. Nikazima injini mbali, nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba na kuinua mkono, nikageuza kwa nyuma yake tukaenda zetu. Mteja kimya. Hatujafika hata ng'ambo, ikaja boti ya kijana mmoja ambaye naye anaongoza wavuvi, ana wateja wawili, mbio vile, akazima mbele ya yule mzee karibu kabisa, wimbi likakitikisa kile kiboti, na wakaanza kurusha kwenye magogo ambayo mzee alikuwa anayaendea. Mzee akakunja mshipi wake akaondoka. Muda si muda wakatoa samaki mkubwa, kelele tukazisikia mpaka kwetu. Mteja akanigeukia: "Kaka si unaona, wamemchukua samaki wetu." Nikamwambia, bosi, yule alikuwa samaki wa mzee.

Wasiovua besi wanaweza wasielewe kosa liko wapi hapo, manake kijana hakumgusa mtu. Mvuvi wa besi mara nyingi hakai sehemu moja, anatembea na ufuko, kwa kasia au kwa mota ndogo ya umeme, anarusha anasogea, anarusha anasogea. Kwa hiyo nafasi anayoitumia ni ile iliyo MBELE yake. Alikopita ameshamaliza, ingia tu. Ukimkata mbele umemchukulia asubuhi yake, hata kama umeacha nafasi ya kutosha boti tatu. Mimi nikiona mtu kwanza naangalia anaelekea wapi, halafu naacha umbali ambao chambo changu na chake tukirusha wote kwa nguvu havikutani, na kama nina shida ya lazima na upande ule namuuliza. Watu wengi ukiwauliza wanakuambia karibu, tena wanakuonyesha pa kupita.

Sona nazo, vile vyombo vya kutafuta samaki kwa sauti chini ya maji, zimechochea. Tangu kampuni ya Garmin ilete sona yake ya LiveScope 2018 na wengine wakafuata, mtu anaona samaki mbele yake wakitembea kwenye skrini kabisa, na nimeona wanaoelekeza kile chombo upande wa boti ya mwenzao kisha wanamsogelea polepole kama hawana habari. Mimi sona ninayo na naipenda, inafundisha mengi. Ila kumuona samaki karibu na boti ya mtu hakukupi haki ya kumfuata huko.

Basi, asubuhi ikawa ngumu. Vidogo tu. Baadaye upepo ukaanza na nikampeleka kwenye ukingo wa magugu unaoshuka ghafla kwenye kina, nikamfundisha kuburuta chambo cha mnyoo wa mpira taratibu mpaka auhisi unagusa shina, kisha aache, asivute, angoje. Hapo akampata mmoja wa maana, mikono ikawa inamtetemeka, nikafurahi kuliko yeye. Akatoa simu atie alama ya jipiesi. Nikamwomba asifanye hivyo, na nikamweleza sababu: ule ukingo mimi sikuugundua, nilionyeshwa na mtu aliyekaa miaka akiutafuta, akanipa kwa mdomo, na nikamwomba ruhusa kabla sijapeleka mteja yeyote. Ile ni amana, sina ruhusa ya kuigawa. Ila namna ya kuutambua ukingo kama ule kwenye ziwa lolote, magugu yanapokatika, upepo unapogonga, kina kinapobadilika, hayo chukua yote kaka, ndiyo uliyoyalipia. Akaelewa, akarudisha simu mfukoni.

Wakati wa kurudi tukapita kwenye ghuba ya maji mafupi na akaona dume juu ya kiota. Msimu wenyewe ndio huu, maji yakishapita nyuzi 15 hivi za Selsiasi wanaanza kuingia, jike likitaga linaondoka na dume ndilo linabaki kulinda, linapepea mayai kwa mkia na kufukuza kila kinachosogea. Kwa hiyo linauma chochote ukilitupia, si kwa njaa. Mteja akataka, picha nzuri ya bure kabisa ile. Nikakataa. Ukilitoa pale hata kwa dakika chache tu, samaki wadogo walioko pembeni wanavamia na kula mayai. Kuna sehemu sheria inaruhusu, na kuna wavuvi wazuri ninaowaheshimu wanaofanya hivyo wakiachia haraka, sitagombana nao. Kwenye boti yangu hapana.

Maana kwangu kuachia samaki, yaani kumrudisha majini akiwa hai, ni adabu ileile ya kumpisha mzee, unamfikiria anayekuja nyuma yako. Haikuwa hivi zamani. Yule besi wa George Perry wa 1932 kule Georgia, pauni 22 na aunsi 4, rekodi ya dunia iliyokaa peke yake mpaka Manabu Kurita alipoifikia Ziwa Biwa, Japani, 2009, aliliwa nyumbani, na hakuna wa kumlaumu, zilikuwa nyakati ngumu. Ray Scott, mwandaaji wa mashindano ya besi Marekani, ndiye aliyeanza 1972 kuwahimiza wavuvi wa mashindano wasiue wanachovua. Na si kila mahali ni hivyo, huko huko Biwa besi ni mgeni anayemaliza samaki wa asili, na mkoa wa Shiga, lilipo ziwa hilo, ulikataza kumrudisha majini tangu 2003, kwa hiyo ukienda kwa watu uliza kwanza. Ila pale unapoachia achia vizuri, lowanisha mikono, mkubwa usimning'inize kwa taya tu, mshike na tumbo, picha moja, majini.

Mteja wakati wa kuagana ameniambia atakuja tena na mwanawe. Nikamwambia mapema, tukikuta mtu kwenye magogo tutapita tena. Akasema sawa.

Sasa yule kijana. Namba yake ninayo ila haya hayasemwi kwa simu, na mbele ya wateja wake sitamwaibisha, nitamngoja pale wanapotolea boti akishafunga kila kitu kwenye trela na watu wameondoka. Anajua kuvua kuliko wengi wetu, na wateja wake wanajifunza adabu ya ziwa kutoka kwake, kesho kutwa nao watanunua boti zao. Akisema ni biashara yake nitamwambia hata yangu ni hiyohiyo. Nitamwomba pia amtafute mzee amuombe radhi, na akitaka nimsindikize nitaenda naye.